Turbo ya Mtu Mwingine

Mada iliyo mezani ni hii: mtu wa Bungoma au Kitale anayetaka gari la mbio lililokwisha kutumika, atazame nini kwanza kabla hajatoa pesa?

Tuelewane kwanza ni gari gani tunalolizungumzia. Porsche huku tunaiona kwenye simu. Mitsubishi Evolution zipo, lakini ni za kuhesabika. Gari la mbio la nchi hii ya mahindi na miwa ni Subaru yenye turbo: Impreza WRX, kaka yake STI, Legacy, na Forester ile yenye tundu la hewa juu ya boneti. Mapenzi haya yana asili yake. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally akiwa wa nne katika Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda mbio hizo kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akafanya vivyo hivyo. Mtoto aliyekuwa darasa la tano wakati huo, akisikiliza matokeo redioni, leo ana mshahara, ana sacco, na kiu yake haijapoa. Isitoshe, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina kazi huku. Anayejua barabara ya Endebess mvua za Aprili zikishika haulizi kwa nini.

Nimewaketisha watano, na nimewaita kwa kazi zao. Mwalimu anafundisha Kitale, naye ndiye mnunuzi. Fundi ana gereji karibu na njia panda ya Kanduyi. Dalali huuza magari kati ya Webuye na Malaba. Karani ni mama anayefanya kazi katika ofisi ya wakili mjini Bungoma. Mzee analima mahindi Kiminini. Mwalimu ni mtoto wa dada yake, kwa hiyo amekuja bila kualikwa.

MWALIMU: Gari lenyewe liko hapa Bungoma mjini. Impreza WRX ya buluu, rimu za dhahabu, beji nyekundu ya STI puani. Namba inaanza na KBM. Imetembea kilomita 92,000. Mwenyewe anataka laki tisa, nikimbana atashuka.

DALALI: Hiyo chukua leo, mwalimu. Kesho utaikuta Eldoret.

FUNDI: Ngoja kwanza. Katika hayo uliyoyataja mawili yananiwasha. Namba za KBM zilitoka karibu mwaka 2010 au 2011. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko litokako, kwa hiyo lako huenda ni la 2002 au 2003. Lina zaidi ya miaka ishirini barabarani. Sasa gawanya hizo kilomita: ni elfu nne na kitu kwa mwaka. Kutoka hapa hadi Nairobi na kurudi ni karibu kilomita mia nane. Yaani mwenye gari, pamoja na Mjapani aliyemtangulia, alikuwa akienda Nairobi mara tano kwa mwaka kisha analiegesha mpaka mwaka mwingine. Gari la turbo! Nani hununua turbo ili aliegeshe?

DALALI: Wako watu kama hao. Daktari. Mama wa kanisa.

FUNDI: Mama wa kanisa hang'oi mafla.

Hapo Dalali alinyamaza kidogo, na si kawaida yake. Kurudisha kilomita nyuma si kazi kubwa siku hizi kwa mwenye kompyuta ya kazi hiyo. Kisichorudishwa kirahisi ni mpira wa pedali ya klachi uliolika upande mmoja, ngozi ya usukani iliyong'aa pale mikono inaposhika, na ubavu wa kiti cha dereva uliochakaa kwa kushuka na kupanda. Hivyo vikionyesha kilomita laki mbili na dashibodi ikasema elfu tisini, amini kiti.

MWALIMU: Na la pili linalokuwasha?

FUNDI: Beji. Umesema ni WRX, halafu umesema ina beji ya STI. Hayo ni magari mawili tofauti. Beji inauzwa dukani na gundi yake nyuma. Kwa Impreza za umri huo zilizotoka Japani, tazama namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Ikianza na GDA, hiyo ni WRX. Ikianza na GDB, hiyo ni STI. STI ina gia sita, ina breki kubwa za Brembo, na giaboksi yake inastahimili vishindo. WRX ina gia tano, na hizo gia tano ndizo zinazoniletea watu hapa wakiwa wamevutwa kwa kamba.

DALALI: Fundi, beji ni pambo tu. Mteja anapenda kupendeza. Hatudanganyi mtu.

FUNDI: Mmeongeza laki mbili kwenye bei kwa ajili ya pambo.

KARANI: Mnaniruhusu? Mmefika kwenye namba ya chesisi bila kujua kwamba mmeingia ofisini kwangu. Mimi ningeanza kabla ya boneti, kabla hata ya kwenda kulitazama gari. Mwalimu, una namba ya usajili?

MWALIMU: Ninayo, mama. Nililipiga picha.

KARANI: Basi ingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, upande wa NTSA wanaosajili magari, uombe nakala ya rekodi ya gari hilo. Haifiki shilingi elfu moja. Itakupa jina la mwenye gari, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, mwaka lilipotengenezwa, na kama kuna benki au sacco iliyolishikilia. Jina likiwa si la huyo anayekuuzia, muulize ni kwa nini. Huku kwetu watu hununua gari, wakabaki na karatasi ya makubaliano tu, wakaliuza tena kwa mwingine, naye kwa mwingine. Unakuta aliyeandikwa kwenye rekodi aliliuza zamani na sasa hajulikani alipo. Na kuhamisha umiliki ni kazi ya yeye aliyeandikwa: ndiye anayeanza katika akaunti yake, wewe unakubali katika yako. Asipopatikana, umenunua kitu usichoweza kukiandikisha.

MWALIMU: Lakini nikiwa na makubaliano yaliyotiwa saini mbele ya wakili?

KARANI: Yatakusaidia mahakamani, na mahakamani ni mbali. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, inamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 kinataka gari lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 tangu liuzwe bila mwenye mpya kusajiliwa. Na kitu kingine. Tangu Sheria ya Dhamana za Mali Zinazohamishika ya mwaka 2017, mkopeshaji anaweza kuandikisha haki yake juu ya gari katika sajili ya mtandaoni. Gari la mbio ni mali ya kijana, na kijana akikwama hukimbilia mkopo wa logibuku, hati ya gari ikiwa rehani. Mtafute muuzaji katika sajili hiyo pia.

FUNDI: Mama, mimi nakubaliana nawe kwa karatasi, lakini nimezika magari mengi yenye karatasi safi. Logibuku haivuji oili.

KARANI: Nami nimezika wateja wenye injini nzuri. Wamekaa nje ya korti ya Bungoma wakilitazama gari lao kupitia ua wa polisi.

Hapa wakaanza kubishana juu ya namba ya injini, na ubishi huo ni wa maana kuliko unavyosikika. Subaru nyingi za turbo zilizozeeka Kenya hazina tena injini zilizozaliwa nazo. Ya kwanza ilinoki, mwenyewe akaagiza nyingine iliyotoka Japani kutoka maduka ya spea ya Nairobi, ikaja ikiwa imefungwa kwenye paleti ya mbao, ikapachikwa. Karani akiona namba ya injini isiyolingana na logibuku, anaona gari la wizi. Fundi akiona hivyo hivyo, anaona habari njema: kuna mtu alilipa pesa nyingi kuliokoa gari hili. Kwa maoni yangu wote wawili wana haki nusu. Kinachoamua ni risiti ya hiyo injini, na kama mabadiliko yaliandikishwa NTSA. Risiti ikiwepo, ni sifa. Isipokuwepo, Karani ameshinda.

DALALI: Kama hiyo ya buluu inawatia wasiwasi, mimi nina STI halisi, ya mwaka 2010, haijaguswa. Iko Malaba, upande wa pili. Namba za Uganda. Bei ni nusu ya hii.

MZEE: Nusu?

DALALI: Nusu, mzee wangu.

KARANI: Na ndiyo maana ni nusu. Mwalimu, sikiliza vizuri, maana hili ni la watu wa mpakani kama sisi. Uganda iliweka kikomo chake mwaka 2018: gari lisizidi miaka kumi na mitano wakati wa kuingizwa. Sisi ni minane. Kwa hiyo gari la 2010 linaweza kuwa halali kabisa Tororo, na Bungoma lisiweze kusajiliwa hata ukienda KRA na gunia la pesa. Kulipa ushuru hakutalipunguzia umri. Utaliendesha kwa namba za Uganda ukijificha usiku, mpaka siku watu wa forodha watakapokusimamisha, nao wana mamlaka ya kulikamata chini ya Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

DALALI: Yako mengi yanatembea hivyo.

KARANI: Ulizia pia mengi yaliyo uani.

MWALIMU: Basi niagize Japani moja kwa moja, mama?

KARANI: Unaweza. Mwaka 2025 kilichoruhusiwa ni cha kuanzia 2018 kuja juu, na kila Januari mwaka unasogea mmoja. Hiyo Impreza unayoiota haiagizwi tena. Utaagiza Levorg, au WRX S4. Halafu hesabu: ushuru wa forodha asilimia 35, ushuru wa bidhaa asilimia 25 kwa injini ya petroli inayozidi cc 1,500, VAT asilimia 16, na kila moja inahesabiwa juu ya ile iliyotangulia.

FUNDI: Faida yake ni kwamba litakuja na karatasi ya mnada wa Japani na cheti cha ukaguzi, kilomita zimeandikwa. Hasara ni kwamba S4 na Levorg ni za otomatiki ile ya mnyororo. Mwalimu anataka klachi.

MWALIMU: Nataka klachi.

MZEE: Mimi nataka kuuliza swali la kijinga. Unakwenda nayo wapi? Kutoka nyumbani kwako hadi shuleni ni matuta kumi na moja. Nimeyahesabu. Unataka farasi mia mbili na hamsini zipande tuta?

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini swali la Mzee si la kupuuzwa. Gari la mbio lililozeeka lina gharama ambazo bei ya kununulia haizisemi. Kampuni nyingi za bima husita kulikubalia gari la umri huo bima kamili, kwa hiyo likigongwa au likiibwa, limekwenda. Petroli ndiyo hiyo. Spea nyingi hutoka Nairobi kwa basi la usiku, na fundi anayezijua injini hizi kweli anaweza kuwa Eldoret na si mtaani kwako. Haya yote Mwalimu anayajua. Alimjibu mjomba wake hivi:

MWALIMU: Khocha, na wewe ile Massey Ferguson uliinunua ikiwa ya mkono wa ngapi?

MZEE: Wa tatu.

MWALIMU: Ulitazama nini?

MZEE: Nilimtazama mwenyewe. Nilikwenda kwake Moi's Bridge bila kumwambia. Nikaikuta imeegeshwa chini ya paa, plau imepakwa grisi, na kwenye ukuta wa ghala ameandika kwa chaki tarehe alizobadilisha oili. Ile injini sikuitazama sana. Ningeona nini? Mimi si fundi. Nilijua tu kwamba mtu anayeandika tarehe za oili ukutani hawezi kuwa ameiua trekta kwa siri.

FUNDI: Mzee amenimaliza. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Nami nasema Mzee ametoa hoja nzito kuliko zote za siku hiyo, ingawa alikuja kuupinga ununuzi wenyewe. Turbo ni kifaa kinachozunguka mara zaidi ya laki moja kwa dakika, kikiwa kimebebwa na utando mwembamba wa oili tu. Mwenye gari akichelewesha oili, au akilizima gari ghafla baada ya kulikimbiza kutoka Webuye huku turbo ikiwa nyekundu kwa moto, oili inaungua mle ndani na kuganda. Gari halilalamiki siku hiyo. Linalalamika miezi baadaye, likiwa mikononi mwa mtu mwingine. Ndiyo maana swali la nani alilitumia, na alilitumiaje, ndilo linalobeba mengine yote. Beji, rimu za dhahabu na ekzosi inayopiga kama bunduki haziongezi thamani. Zinakuambia tu tabia ya aliyekutangulia. Mimi nikiwekewa WRX mbili, moja imechubuka bampa na haijabadilishwa chochote tangu kiwandani, nyingine imeng'arishwa na kupachikwa kila kinachouzwa, nachukua iliyochubuka bila kusita.

MWALIMU: Lakini mwenye hii ya buluu simjui, wala sina ukuta wake wa kusoma. Nifanye nini?

FUNDI: Basi injini itakusimulia, ukiikuta bado imelala. Sharti la kwanza: injini iwe baridi. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, mtu ameiwasha ili kukuficha kitu. Rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, usiiwashe bado. Fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi ya dawa yake, kijani au buluu. Yakiwa ya matope ya kutu, mtu amekuwa akimimina maji ya mto. Yakiwa na utando wa mafuta juu, funga, sema asante, nenda nyumbani. Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi si dhambi. Oili isiyofika hata alama ya chini ni dhambi kubwa, kwa sababu hizi injini hunywa oili, na anayeziacha zikauke huua beringi za konrodi. Chini ya kifuniko cha oili kusiwe na kitu kama maziwa.

DALALI: Wee fundi, ukimwambia muuzaji hayo yote atakufukuza.

FUNDI: Akinifukuza nimepata jibu bila malipo. Sasa iwashe, na usiikanyage. Zima redio. Simama mbele, kisha nenda kando, kisha inama karibu na tairi la mbele. Injini hii imelala kifudifudi, silinda mbili kushoto na mbili kulia, kwa hiyo inanguruma kwa namna yake, hiyo usiiogope. Unachotafuta ni kugonga kwa ndani, ko-ko-ko, kunakofuata mwendo wa injini. Kugonga kwepesi kwa pistoni wakati wa baridi kunaweza kupungua ikipata joto. Kugonga kwa chini, kuzito, kunakozidi ukigusa mafuta kisha ukaachia, hiyo ni beringi. Hapo huambiwi bei ya gari tena, unaambiwa bei ya injini nyingine.

MWALIMU: Na moshi?

FUNDI: Mtu mwingine akanyage na kuachia, wewe simama nyuma. Wa buluu ni oili, ama pistoni ama turbo. Mweupe unaokataa kwisha na unaonukia utamu ni maji yanayoungua, gaskiti ya silinda hedi imeachia. Mweusi ni petroli imezidi, na mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu aliichezea kompyuta ya injini. Hilo la kompyuta ndilo linaloniogopesha zaidi. Turbo hizi za Japani zilipangiwa petroli ya huko, ya oktani 100. Ya kwetu pampuni iko chini ya hapo. Kiwandani waliweka kihisi cha kuirudisha injini nyuma ikianza kugonga. Kijana akija akaongeza shinikizo la turbo ili alishinde gari la rafiki yake, amekula ile nafasi ya usalama iliyokuwa imeachwa. Pistoni inavunjika pembeni, pale ringi zinapokaa. Sauti ya ekzosi husikii tofauti. Utaona tu inaanza kuvuta oili.

MWALIMU: Utajuaje basi?

FUNDI: Kwa geji ya kompresheni. Napasha injini moto, natoa plagi zote nne, na kwa Subaru hiyo ni kazi, mikono inachubuka kwa sababu plagi ziko ubavuni. Napima moja moja. Na hapa sikiliza, maana wengi hudanganyika. Ukisoma kwenye vitabu kipimo cha injini hii, kimepimwa usawa wa bahari. Kitale iko karibu mita 1,900 juu. Hewa ni nyembamba, geji itasoma pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano, na injini ni nzima kabisa. Nimeona mtu akikataa gari zuri kwa ajili hiyo. Usikazanie namba kubwa au ndogo. Kazania zifanane. Tatu zikiwa sawa na moja ikaanguka mbali, hiyo moja ndiyo inayokungoja.

Kuhusu mkanda wa taimingi maneno ni machache: hubadilishwa kila kilomita 100,000, ukikatika vali hugongana na pistoni, na kama muuzaji hana risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa. Legacy zenye turbo mbili nazo Fundi alizipita kwa sentensi moja, kwamba zina mabomba ya hewa mengi kuliko subira ya mwenyewe. Alikokawia ni kwenye matairi, na sikutarajia.

FUNDI: Soma matairi yote manne. Yawe aina moja, saizi moja, na yamelika sawasawa. Huku watu hununua tairi la mtumba moja moja: hili limepasuka, anatafuta lingine Chwele siku ya soko, anaweka. Kwa Probox haidhuru. Kwa gari linalovuta kote, tairi moja likiwa nene kuliko mengine linazunguka kwa mwendo wake, na difu ya katikati inashinda ikisuguana siku nzima bila kupumzika. Kisha inakufa.

MZEE: Nayo mnaipimaje?

FUNDI: Rahisi, mzee, hata wewe unaweza. Endesha kwanza mpaka ipate moto. Halafu tafuta mahali tambarare, pindua usukani hadi mwisho, zunguka polepole bila kukanyaga. Gari zima linazunguka laini. Gari bovu linashikashika, linarukaruka, kama tairi limefungwa breki. Ukilisikia hilo, toa bei ya difu kwenye laki zako. Ukimaliza, litoe barabara kubwa ya kwenda Webuye. Weka gia ya nne kwa mwendo mdogo, kanyaga yote. Injini ikipanda mlio na gari lisiende, klachi imekwisha. Ingiza gia ya tatu haraka. Ikisaga, giaboksi imechoka.

DALALI: Sasa mimi niseme yangu, maana mnaniona mwizi. Nimeuza magari miaka mingi. Mnunuzi wa gari la mbio hashindwi kwa sababu ya dalali. Anashindwa kwa sababu anakuja na pesa zote za kununua na hana hata elfu kumi ya kesho yake. Mwezi wa pili ananipigia simu nimuuzie tena, kwa hasara. Kama una laki tisa, mwalimu, usinunue gari la laki tisa.

KARANI: Leo dalali amesema kweli!

FUNDI: La laki sita na nusu. Zilizobaki ni zangu, kabla hujaanza kuringa nalo: mkanda wa taimingi, pampu ya maji, oili zote pamoja na ya giaboksi na ya difu, plagi, mabomba ya maji. Hata kama muuzaji anaapa alibadilisha.

Mpaka hapo niliombwa nitoe uamuzi, kwa kuwa mada niliiweka mimi. Fundi anataka injini kwanza, Karani anataka karatasi kwanza, Mzee anataka mwenyewe kwanza. Mimi naupanga ukaguzi kwa bei ya kila kipimo. Rekodi ya NTSA inagharimu kidogo na inaweza kuua biashara nzima ukiwa umekaa kitandani, kwa hiyo inatangulia. Kumtembelea mwenyewe bila taarifa ni nauli tu, na inafuata. Kusoma namba ya chesisi, kiti, pedali na matairi ni bure. Injini baridi ni bure, ila inataka kuamka mapema. Geji ya Fundi inalipiwa nusu siku, kwa hiyo haiguswi mpaka gari limefaulu yote yaliyotangulia. Karani alitikisa kichwa kwa kukubali. Fundi alisema mpango huo umemfanya wa mwisho kama mzika maiti. Mzee akasema bado hajaelewa habari ya matuta.

Mwalimu alitoa simu akampigia mwenye gari palepale, tukisikiliza sote. Akamwambia angependa kulitazama kesho asubuhi, na tafadhali asiliwashe. Mwenye gari akasema kesho haiwezekani, yeye hutoka saa kumi na mbili kuwapeleka watoto shule, atalikuta lina moto.

FUNDI: Mwulize Jumapili.

MWALIMU: Anasema Jumapili ni kanisa.

FUNDI: Saa ngapi?

MWALIMU: Saa tatu.

FUNDI: Mwambie saa kumi na mbili tuko langoni kwake. Na mama akupe ile rekodi kabla ya Jumamosi, nisibebe geji bure.